Muhuri na Bikoni

Unguja, Darajani

Darajani hakuna daraja. Kuna barabara pana, daladala zinazogombania abiria, mafungu ya ndimu na shokishoki kando ya njia, na upande wa magharibi nyumba za mawe ambazo kivuli chake hufika sokoni ikishaingia alasiri. Zamani hapa palipita mkono wa bahari. Bamvua likija, Mji Mkongwe ulibaki kidogo tu uwe kisiwa, na waliokuwa upande wa pili wakawa watu wa Ng'ambo. Waingereza waliufukia kidogo kidogo, na kufikia katikati ya karne ya 20 maji yalikuwa yamekwisha. Barabara iliyokaa mahali pake sasa ina jina la Benjamin Mkapa.

Mpaka wenyewe uko palepale. Upande mmoja ni hekta 96 zilizoingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, zenye mamlaka yake tangu 1985, ambako kubadilisha mlango au kuongeza ghorofa kunataka kibali. Ukivuka barabara umeingia Ng'ambo, walikokaa na wanakokaa watu wengi zaidi wa mjini, na ambako hakupigwi picha za kadi za posta.

Nilikuja kutazama jinsi miji ya pwani inavyokatwa vipande, na nani anashika kisu. Hapa kila niliyemuuliza alinijibu kwa kunitajia mtu kwanza, mahali baadaye: hapa ni kwa sheha fulani, kule kwa sheha fulani. Shehia ndiyo ngazi ya chini kabisa ya utawala Zanzibar. Mji Mkongwe una Shangani, Mkunazini, Kiponda na Malindi. Ndani yake mna mitaa isiyo na ofisi wala muhuri ambayo kila mtoto anaijua: Hurumzi, Sokomuhogo, Kajificheni, Baghani. Mtaa ni wa kuelekezana njia. Shehia ni ya karatasi. Ukitafuta kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi, ukitaka kuandikishwa kupiga kura, ukihamia nyumba mpya, mlango wa kwanza ni wa sheha.

Naye hapigiwi kura. Anateuliwa na mkuu wa mkoa, na mkuu wa mkoa anateuliwa na Rais wa Zanzibar, kwa hiyo mpaka wa shehia, hata ukipinda na uchochoro mara ngapi, mwisho wake ni Ikulu. Ndiyo maana kila uchaguzi unapokaribia, suala la nani ni mkaazi wa shehia gani huwa gumzo la barazani, tena la sauti ya juu. Majimbo ya uchaguzi ya Zanzibar yaliongezwa kutoka 50 hadi 54 kwa uchaguzi wa 2015, kisha yakarudishwa 50 kwa uchaguzi wa 2020. Nyumba hazikusogea.

Mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi, ikishirikiana na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na Benki ya Dunia, ilianza kurusha droni juu ya Unguja na Pemba, vijana wa chuo wakiwa miongoni mwa warushaji. Ukitazama picha zake unaona mpaka tangi la maji juu ya bati. Shehia huioni. Mstari wake unapita nyuma ya msikiti, unakata uwanja wa mpira, unafuata njia ambayo mvua ya masika ilishaihamisha.

Kingine kisichoonekana kutoka juu ni mwenye ardhi. Katika Ng'ambo ya kabla ya Mapinduzi, nyumba ilikuwa ya huyu na ardhi ya yule: ya wakfu, au ya tajiri aliyekaa upande wa mawe. Mwenye nyumba alilipa kodi ya kiwanja, na mwaka 1928 watu wa Ng'ambo waligoma kuilipa. Mapinduzi ya 1964 yalilikata shauri hilo kwa mkupuo, ardhi yote ikawa ya serikali. Kisha wakaja wapanga miji wa Ujerumani Mashariki na mpango wao wa 1968, na majumba marefu ya Michenzani yakanyooka juu ya vichochoro. Naiandika habari hii kwa sababu nitaihitaji nikifika Mombasa.

Siku hizi mji unakimbilia nje, Fuoni, Chukwani, Bububu. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 893,169 katika Mkoa wa Mjini Magharibi, kati ya 1,889,773 wa Zanzibar nzima. Wilaya ya Magharibi ilishagawanywa mbili, na waliogawanya wakaziita Magharibi A na Magharibi B. Katika mji uliozaa majina kama Kisima Majongoo, Mwembetanga na Kikwajuni, naona wino ulikuwa umewaishia.

Dar es Salaam, Mnazi Mmoja

Unguja kuna Mnazi Mmoja, Dar kuna Mnazi Mmoja, na vyote viwili ni viwanja vilivyoachwa wazi kati ya watu na watu. Cha Unguja kiko kwenye ncha ya kusini ya ule mkono wa bahari uliofukiwa, kati ya Vuga ya maofisa wa kikoloni na Ng'ambo. Cha Dar kiko kati ya Uhindini na Kariakoo. Waingereza waliuendeleza mpango walioukuta kwa Wajerumani, wa kanda tatu zilizotenganishwa kwa aina ya nyumba inayoruhusiwa: za Kizungu kando ya bahari, za biashara katikati, za udongo na makuti nyuma. Hapakuwa na haja ya kuandika rangi ya mtu, kwani bei ya ukuta ilitosha. Ukanda wa wazi ulielezwa kuwa ni kwa ajili ya afya.

Nenda leo ukasimame Barabara ya Lumumba, uwanja ukiwa nyuma yako. Mbele ni Kariakoo: mitaa iliyonyooka kwa kamba, Sikukuu, Swahili, Congo, Narung'ombe, ghorofa juu ya ghorofa mahali palipokuwa na nyumba za vyumba sita na ua. Vipande vya ardhi ni vilevile vilivyopimwa zama za Wajerumani. Kilichobadilika ni urefu wa kwenda juu.

Mgawanyo wa utawala wa Dar unamchosha hata mwenyeji. Tangu 2000 kulikuwa na manispaa tatu, Ilala, Kinondoni na Temeke, na juu yake Halmashauri ya Jiji. Baadaye Ubungo ikamegwa kutoka Kinondoni na Kigamboni kutoka Temeke. Februari 2021 Rais Magufuli aliivunja Halmashauri ya Jiji na hadhi ya jiji ikapewa Ilala. Kwa hiyo anayekaa Sinza yuko Mkoa wa Dar es Salaam, barua zake zinaandikwa Dar es Salaam, akiulizwa kwao anasema Dar, ila kwa karatasi hayumo katika Jiji la Dar es Salaam. Yumo Manispaa ya Ubungo. Nilimweleza hivyo dereva wa bajaji pale Sinza, akacheka, akaniuliza nimesoma wapi.

Sinza ndiko nilikoiona bikoni vizuri. Eneo hili lilipimwa miaka ya 1970, katika mradi wa viwanja na huduma uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, na ukiinama kwenye kona za viwanja bado unazikuta: nondo fupi iliyozungushiwa zege, imezama usawa wa ardhi, namba yake imeliwa na kutu. Moja ilikuwa imeegeshewa mguu wa meza ya chipsi. Kijana wa chipsi hakujua ni nini, alijua tu kwamba meza haiyumbi pale. Kesi ya mpaka ikifika mahakamani, kipande hicho cha chuma ndicho kitakachotafutwa na mpima ardhi, na neno lake litazidi la majirani wote.

Umbali wa kutembea kwa miguu kutoka hapo ni Tandale, ambako hakuna bikoni na kuna majirani. Katika ofisi ya serikali ya mtaa, chumba kimoja chenye benchi, bendera na daftari la wakazi lililopinda kona, mama mmoja alileta mkataba wa mauziano. Nilimsikia karani akiusoma kwa sauti. Kaskazini, nyumba ya mama fulani. Kusini, mfereji. Mashariki, njia ya miguu. Magharibi, ukuta wa fundi cherehani.

"Fundi, mpaka wenu ndio huu?" mwenyekiti akauliza.

"Ndio huu, mzee. Ila ile karo ya maji machafu ni ya kwangu."

Ikaandikwa kwamba karo ni ya fundi. Mashahidi wakatia saini, mwenyekiti akapiga muhuri, mara mbili, maana wa kwanza ulitoka hafifu. Maofisa ardhi hawaipendi karatasi hii, na wana sababu: kiwanja kimoja kinaweza kuuzwa mara mbili kwa karatasi mbili zenye mihuri. Hata hivyo sehemu kubwa ya mji huu imenunuliwa na kurithiwa kwa karatasi za namna hiyo, na mpaka uliosemwa mbele ya fundi, na karo ikatajwa, una uzito wake. Mwenyekiti wa mtaa, tofauti na sheha, anapigiwa kura. Mara ya mwisho ilikuwa Novemba 2024. Chini yake yuko mjumbe wa nyumba kumi, mabaki ya mashina ya TANU ya miaka ya 1960, ambaye katika sheria ya serikali za mitaa hayumo na katika maisha ya mtaa yumo sana.

Tandale ndiyo iliyochorwa mapema katika harakati za ramani za wananchi, mwaka 2011, kwa miguu ya wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wakazi wenyewe. Kuanzia 2015 kazi hiyo ikawa Ramani Huria, na ikaenea katika kata zinazofurika. Wachoraji walifanya jambo ambalo setilaiti haiwezi. Walimchukua mjumbe, wakatembea naye kuzunguka shina lake, yeye akionesha kwa kidole hapa ni pangu, pale ni pa mwenzangu, simu ikirekodi njia. Shughuli ilikuwa ya mafuriko: maji yakija, nani anawajua watu wa nyumba hizi? Jibu ni mjumbe, kwa hiyo mpaka wake ulistahili kuchorwa.

Mto Msimbazi, unaotengeneza kipande cha mpaka kati ya Ilala na Kinondoni, hauna habari na kata. Desemba 2011 ulipanda Jangwani, watu wakafa, na wengi wakahamishiwa Mabwepande, kaskazini kabisa ya mkoa. Karakana ya mabasi yaendayo haraka ilikuja kujengwa katika bonde hilohilo, na maji yakaifuata mara kadhaa. Ramani inaonesha mstari mwembamba wa buluu. Ukisimama darajani kuelekea Magomeni mwezi wa Aprili unaona ziwa.

Kabla ya sensa ya 2022 serikali iliendesha operesheni ya anwani za makazi. Kila njia ikapewa jina, kila nyumba namba, juu yake postikodi ya tarakimu 5 inayotambulisha kata. Vibao vipo. Lakini panda daladala useme namba ya nyumba uone konda atakavyokutazama. Mji unashukia Kwa Mtogole, Kwa Azizi Ali, Mwembechai.

Tanga, kupita

Basi lilisimama muda wa kunywa chai. Ngamiani, eneo la zamani la Waafrika, mitaa haina majina, ina namba: Barabara ya Nane, Barabara ya Kumi na Nne. Mtu anakwambia amezaliwa ya Kumi na Mbili na kaoa ya Tano, nawe unaijua hatua kwa hatua safari ya maisha yake. Kwa usafi wa kuelekezana, sijaona mji wa pwani unaoishinda Tanga.

Kisha Horohoro na Lunga Lunga, mihuri ya pasipoti, na mpaka ambao mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani waliuanzisha kwenye mlango wa mto Umba, wakauvuta kwenda bara bila kuwauliza Wadigo, ambao mpaka leo wana shangazi kila upande.

Mombasa, Majengo

Makubaliano hayohayo ya 1886 yalimwachia Sultani wa Zanzibar ukanda wa maili kumi kutoka baharini. Mwaka 1895 Uingereza ikauchukua kwa kumlipa, na haukuwa sehemu ya Kenya kwa njia ya kawaida mpaka Desemba 1963. Mtu anaweza kudhani hiyo ni historia ya makumbusho ya Fort Jesus. Ingia Majengo uulize ardhi ni ya nani.

Nyumba ni za Kiswahili, ukumbi katikati na vyumba pande mbili, nyingine za mabati matupu, nyingine za kisasa. Mwenye nyumba ana risiti. Kila mwezi hulipa kodi ya ardhi kwa mwenye shamba, ambaye pengine ni mjukuu wa mjukuu wa aliyeandikishwa chini ya sheria ya hati za ardhi ya 1908. Sheria hiyo iliwataka watu wa ukanda walete madai yao. Aliyejua kusoma tangazo na kumpata wakili alipata hati, asiyeleta dai ardhi yake ikahesabiwa ya serikali ya Mwingereza. Mashamba yakakatwa ploti na wenyewe, zikakodishwa, watu wakajenga juu ya ardhi ambayo si yao na hawawezi kuiwekea rehani.

Basi Majengo ni Ng'ambo ya 1928 iliyofika leo. Mfumo ni uleule, wa nyumba ya huyu na ardhi ya yule, kwenye pwani moja iliyokuwa chini ya sultani mmoja. Unguja ilipinduliwa, Mombasa ikajiunga na Kenya, na hati zikavuka zikiwa nzima. Bikoni za Mombasa zipo, tena nzuri, na zinamlinda mtu asiyelala pale. Kati ya miji hii mitatu, hapa ndipo nilipoona mpaka uliochorwa kitaalamu kuliko yote ukiwa ndio unaolalamikiwa kuliko yote. Tandale hawana kitu ila neno la fundi cherehani, na wanalala.

"Nimejenga mwenyewe, tofali kwa tofali," bibi mmoja aliniambia akiwa kibarazani kwake. "Mwanangu, nikifa watoto wanarithi nini? Mabati."

Kwa utawala, Kaunti ya Mombasa ina maeneo bunge sita na wadi 30. Kabla ya mapitio ya 2012 maeneo bunge yalikuwa manne. Jomvu ikatolewa Changamwe, Nyali ikatolewa Kisauni. Wadi ni ya mwakilishi wa bunge la kaunti. Barua ya kitambulisho, hata hivyo, ni ya chifu, naye ni mwajiriwa wa serikali kuu ya Nairobi mwenye mipaka yake mwenyewe, ya kata na kata ndogo, isiyolingana na ya wadi. Yuko pia mzee wa mtaa, na tangu 2013 wapo wa nyumba kumi, wazo lililochukuliwa Tanzania bila TANU yake. Ukiuliza mtaro ulioziba ni wa nani, tayarisha muda.

Katika Mji wa Kale wako wazee ambao mgawanyo wao hauhitaji ramani kabisa. Ni Thenashara Taifa: Miji Mitatu, yaani Wakilindini, Wachangamwe na Watangana, na Miji Tisa, Wamvita, Wajomvu, Wamtwapa, Wakilifi, Wapate na wenzao. Kila taifa lilikuwa na wazee wake, na mtu alikuwa wa taifa lake popote alipokaa kisiwani. Majina ya watu yakawa majina ya ardhi, leo Changamwe na Jomvu ni maeneo bunge yenye mameneja wa kampeni.

Mtwapa

Kubadili mipaka ya kaunti Kenya ni kazi: Katiba inataka tume huru, theluthi mbili ya Bunge la Taifa na theluthi mbili ya Seneti. Hata maeneo bunge, yanayotakiwa kupitiwa kila baada ya miaka 8 hadi 12, yalivuka muda wake Machi 2024 tume ya uchaguzi ikiwa haina makamishna. Wapya waliapishwa Julai 2025. Tanzania Katiba inampa Rais uwezo wa kugawa mikoa na wilaya, na mwaka huohuo wa 2025 tume ya uchaguzi ilitangaza majimbo mapya, Dar ikapata Chamazi na Kivule, mashamba ya mihogo ya juzi.

Lakini Dar na Mombasa zote mbili zimekwisha kuvuka ua wake. Dar inalala Mapinga na Vikindu, ambazo ni Mkoa wa Pwani, inaamka saa kumi kuwahi foleni. Mombasa inalala Mtwapa. Hori linaitenga Shanzu na Kaunti ya Kilifi, na asubuhi matatu zinazovuka daraja lake kwenda kisiwani zimejaa walimu, makarani wa bandari na wauza nguo. Leseni ya duka la upande huu inatoka Kilifi, maili nyingi kaskazini. Wazee wa Mji wa Kale nao wana Wamtwapa na Wakilifi ndani ya mataifa ya Mombasa tangu kabla ya kaunti, wilaya na mkoa.

Nilimuuliza konda, kijana aliyening'inia mlangoni, kama tumeshatoka Mombasa.

"Hapa ni Mombasa, ami," akasema. "Ploti tu ndiyo ya Kilifi."